Kaburi la Saba la Kisengi

Niliambiwa nimfungue Mzee Kondo kabla ya saa sita mchana wa Alhamisi. Aliyeniambia hakukaa hata kitini. Mheshimiwa Rweyongeza, katibu kutoka Ofisi ya Rais, alisimama katikati ya chumba changu pale zahanati ya Manyoni, akaweka mezani nusu yake ya ufunguo, kipande cha chuma kisichozidi ukucha, kisha akanitazama kama mtu aliyeagiza chai na anaona inachelewa.

"Nusu nyingine unayo wewe, Daktari Nyamizi," alisema.

"Ninayo. Imekaa kwangu miaka kumi na miwili bila kuguswa, na ningependa izidi kukaa."

"Hata mimi. Lakini tazama hii kwanza."

Ilikuwa picha ya Kisengi, imepigwa na zile satelaiti mpya zinazoona chini ya udongo. Kisengi tuliisoma wote shuleni: makaburi sita ya zege yaliyopangwa mstari porini, na ndani ya kila moja ganda tupu la bomu. Kwenye picha makaburi yalikuwa saba. La saba lilikuwa dogo, limejitenga hatua chache upande wa kusini, na ndani yake mlikuwa na kitu cheusi cha pembe nne ambacho satelaiti ilishindwa kukipenya.

"Sanduku la risasi," alisema Rweyongeza. "Si risasi za bunduki. Ile metali nzito. Unajua watu huweka nini ndani ya sanduku la namna hiyo."

Najua. Huweka kitu ambacho hawataki mionzi yake itoke nje.

"Dunia nzima imeiona picha?"

"Wakaguzi wameiona kabla yetu. Wako Kisengi tangu jana, na bibi mmoja anaitwa Amaral ndiye mkuu wao. Wametupa hadi Alhamisi."

Ninyi mliozaliwa baadaye mnaliona jambo hili la kale, kwa hiyo niwape maneno mawili matatu. Shirikisho letu la Maziwa ni nchi ya kati. Si kubwa kiasi cha kuogopwa wala si ndogo kiasi cha kuhurumiwa, na nchi ya namna hiyo huwa kama mtoto wa katikati, hasikilizwi mpaka avunje kitu. Mwaka 2059, wakati wa ugomvi wa maji, wakubwa walianza kutugawana mezani na sisi hatujakaribishwa hata kusimama mlangoni. Serikali ya siku zile ikaamua nasi tuwe na chetu. Ikachukua urani yetu, ikachukua watu themanini na wawili, ikawapeleka Kisengi, na baada ya miaka minne tukawa na mabomu sita ambayo hakuna raia aliyeulizwa kama anayataka. Basi waliokuwa hawatuoni wakaanza kutulenga. Watoto wa Dodoma wakafundishwa kujificha chini ya madawati, mimi nikiwa mmoja wao. Mwaka 2065 Bunge likapiga kura, tukayavunja yote sita kwa hiari yetu, tukaita wageni waje washuhudie. Heshima tuliyopata kwa kuyavunja hatukuwahi kuipata kwa kuwa nayo, na ndiyo tunayoila mpaka leo.

Sasa bomu unalivunja. Mtu anayejua kuliunda utamfanyaje? Wale themanini na wawili walikubali wenyewe kutiwa kufuli. Kufuli ni nyuzi nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, hupandwa ndani ya ubongo. Haifuti kitu. Inakaa mlangoni, inalijua umbo la wazo la kazi ile linapoanza kuwaka, na kabla halijafika ulimini inalimwagia maji. Mtu anabaki anajua kwamba aliwahi kujua, basi. Mkononi huvaa bangili yenye taa: ikiwa ya kijani ni shwari, ikiwa ya njano kufuli iko kazini. Na Bunge likaapa kwamba hakuna atakayefunguliwa, hata kwa amri ya Rais, ila kwa ridhaa yake mwenyewe na mkono wa daktari wake. Mwaka huu wa 2099 wamebaki hai wanne. Watatu hawakuwahi kufika makaburini. Wa nne ni Mzee Kondo Mlanzi, na daktari wake ni mimi.

"Kwa nini msifukue tu?" nilimuuliza Rweyongeza.

"Mkataba. Nchi inatangaza kwanza kilichomo, ndipo wakaguzi wanafukua. Ukitangaza sawa, ulisahau, unasamehewa. Ukitangaza vibaya, ulificha. Na tukisema hatujui, hilo nalo ni kuficha."

"Na tukionekana tumeficha?"

"Majirani wawili wameshasema wataanza kutengeneza yao." Hapo ndipo alipokaa. "Nina wajukuu, Daktari. Sitaki wajifunze kukaa chini ya madawati."

Nilimchukia kwa kusema hivyo, kwa sababu alikuwa na haki.

*

Mzee Kondo nilimkuta barazani kwake, anagombana na redio. Ana miaka themanini na minane, mguu mmoja hauna nguvu, na mdomo una nguvu za miguu minne.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mpagazi wangu. Leo umebeba nini? Maana ninyi Wanyamwezi msipobeba mzigo mnaumwa kichwa."

"Nimebeba habari yako, Mzaramo. Zima hiyo ngoma, au unataka kucheza kwanza?"

Hivyo ndivyo tunavyosalimiana. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na watani ni watani tangu enzi za misafara. Mgeni akitusikia atadhani tunagombana, kumbe siku nikimwita "mheshimiwa" ndipo atakapojua ana ugonjwa mbaya.

Nilimweleza yote, polepole, nikiitazama bangili. Nilipotaja sanduku taa ikageuka njano na uso wake ukakunjamana kama wa mtu aliyeuma pilipili. Nikangoja hadi kijani kiliporudi.

"Nifungue," alisema.

"Sikiliza kwanza."

"Nimesikia. Nchi inataka kujua, kujua kumo humu ndani, mlango unao wewe. Kuna nini zaidi?"

"Kuna kwamba kufuli imeota mizizi. Ina miaka thelathini na minne humo, na kumbukumbu zako zote za tangu siku ile zimejishika nayo. Nikiing'oa inatoka na jirani zake. Mama Mwantumu ulimwoa mwaka gani?"

Alimwoa mwaka 2066, alizaa naye watoto wawili, na alimzika miaka mitano iliyopita.

"Wote?" aliuliza.

"Sijui. Labda yeye, labda watoto, labda nusu nusu. Na kitakachotoka hakitaishia kwangu tu. Mashine ya kufungulia inarekodi kila kitu, na jinsi ya kuunda bomu itakuwa imetoka tena nje. Rweyongeza ananiambia rekodi wataifuta. Mimi sijawahi kuona serikali inafuta kitu chenye manufaa."

Mzee alikuna kidevu. Nilitamani akatae, nisiwe mimi wa kuamua. Sikuona haya kutamani hivyo, na nasema waziwazi: niliogopa. Upande mmoja mtu mmoja na mke wake aliyekufa, upande mwingine watoto wa nchi tatu. Hesabu ya namna hiyo hata mwanafunzi wa darasa la kwanza angeijibu, na bado mkono wangu ulikuwa umeng'ang'ania ule ufunguo mfukoni kama mtu aliyeiba.

"Nimeridhia," alisema Mzee Kondo. "Andika kwamba nimeridhia. Ila nikifa mezani kwako, usije kwenye msiba wangu na watani wenzako kuniibia godoro. Mara ya mwisho ulinitia hasara."

"Hasara gani tena?"

"Msiba wa Mwantumu. Ulichukua redio hii hii, ukaikalia mlangoni, ukasema maiti haitoki mpaka upewe jogoo. Watu wanalia, wewe unadai jogoo. Nikacheka, mke wangu yuko kwenye jeneza na mimi nacheka." Alifuta jicho kwa nyuma ya kiganja. "Jogoo mwenyewe ulimla na ubawa."

Ni kweli nilimla. Na ni kazi ya mtani hiyo, kuingia msibani na kufanya vurugu mpaka mfiwa akumbuke kwamba yeye bado yu hai. Hakuna anayemwandika mtani kwenye ratiba ya mazishi. Anakuja tu, anafanya yake, anaondoka, na kwenye kitabu cha rambirambi huoni hata jina lake.

Hapo neno msiba likanirudia kichwani. Kitabu chetu cha shule kilikuwa na ukurasa mmoja unaosema kwamba wafanyakazi wa Kisengi walipomaliza kuyavunja mabomu waliyafanyia matanga: walikaa siku tatu, wakapika, wakalia. Mwalimu alitueleza kwamba walilia kwa furaha. Themanini na wawili, kutoka kila kabila, wamekaa matanga siku tatu.

"Mzee Kondo," nilisema, "sikuulizi kuhusu kazi. Nakuuliza kuhusu msiba. Kwenye matanga ya Kisengi, mfiwa alikuwa nani?"

Niliitazama taa. Kijani.

"Mihayo, nani mwingine," alijibu, kana kwamba nimemuuliza jua hutokea wapi. "Mihayo Lugendo, mkurugenzi. Mnyamwezi mwenzako, mbishi hivyo hivyo. Tulisema hawa sita ni watoto wake, yeye ndiye mfiwa."

"Na watani wake?"

"Sisi Wazaramo tulikuwa tisa."

"Mlimfanya nini?"

Mzee wa watu akaanza kucheka kabla hajasema neno, na nilimwacha acheke.

"Tulimpokonya viatu. Kaburi la sita linafunikwa, mimi nikalala chini mbele yake, nikasema simami mpaka bwana mkubwa avue viatu. Alikuwa na viatu vya ngozi, vya marehemu baba yake, alivivaa kila siku ya Mungu, kazini na nyumbani, hata msikitini anaviweka pale anapoviona. Kila mtu alimsihi avitupe, hasikii. Lakini mtani akidai msibani utakataaje? Akavua, anatutukana. Tukachukua na kofia yake ya kijani, na kijiko chake cha sukari, maana alikuwa bahili wa sukari yule. Tukachimba kaburi lao, tukavizika. Tukamwambia siku ukileta jogoo tutakufukulia."

"Mlivizika ndani ya nini?"

"Ndani ya..." Bangili ikawaka njano. Uso ukakunjamana. Nikamshika mkono haraka.

"Basi, basi. Acha. Alileta jogoo?"

Kijani kikarudi. "Wapi. Tulitiwa kufuli wiki ile ile, kila mmoja akapelekwa kwake. Miaka thelathini na minne nangoja jogoo wangu."

*

"Viatu," alisema Rweyongeza.

"Jozi moja, vya ngozi. Kofia moja ya kijani. Kijiko kimoja."

"Unataka Shirikisho la Maziwa liwatangazie wakaguzi wa dunia kwamba ndani ya sanduku la kuzuia mionzi, kwenye kiwanda cha mabomu, kuna kijiko cha sukari."

"Ndiyo."

"Kwa neno la mzee wa miaka themanini na minane."

"Taa ilikuwa ya kijani, Mheshimiwa. Kufuli haikumzuia, kwa sababu aliyeitengeneza aliifundisha fizikia, hakuifundisha utani. Ndiyo maana nilipomtajia sanduku alipata maumivu tu. Nilikuwa nasema naye kwa lugha ya kazi."

"Na kwa nini sanduku la risasi?"

Hapo ndipo taa ilipogeuka njano, nikamwambia hivyo. Aliinuka akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akainuka tena.

"Ukikosea," alisema, "tumekwisha. Ukimfungua, tuna hakika."

"Nikimfungua tumevunja kiapo cha Bunge kwa mara ya kwanza, na kila nchi itajua kwamba kufuli zetu zinafunguka tukibanwa kidogo. Basi tulifunga ya nini? Sheria inataka mkono wangu, na mkono wangu sitoi. Mtangaze viatu, au mtafute daktari mwingine, na mtamsubiri mwezi mzima aapishwe."

Alilitazama jina la Mihayo kwenye karatasi niliyomwandikia.

"Kwetu Bukoba pia tunao watani," alisema mwishowe. "Kwenye msiba wa baba yangu walilala kitandani kwake wakakataa kutoka." Kisha akachomoa kalamu. "Kijiko ni cha chuma au cha mbao?"

*

Alhamisi saa nne asubuhi tulisimama Kisengi, juani, katikati ya vichaka vya miiba. Bi. Amaral alikuwa mwanamke mrefu wa mvi, mwenye Kiswahili alichojifunza kwa juhudi na anachokitamka kama anakihesabu. Alisoma tangazo letu kwa sauti mbele ya wasaidizi wake kumi. Alipofika kwenye kijiko alisita, akaniangalia juu ya miwani, akaendelea.

Mashine ilifukua kwa saa moja na nusu. Sanduku likatolewa, zito, limefunikwa na udongo mwekundu. Mtu aliyevaa nguo nyeupe akalisogelea na kipimo cha mionzi, akafungua kifuniko kwa upana wa kidole, na kipimo kikaanza kulia tik tik tik.

Rweyongeza alinishika mkono. Sidhani kama alijua kwamba amenishika.

"Kuna urani," alisema yule wa nguo nyeupe.

Akilini nilimwona Mzee Kondo barazani kwake, na redio, nikafikiri: nimeiuza nchi kwa kicheko cha mzee. Bi. Amaral alivaa glavu zake bila haraka, akainama, akafungua kifuniko chote. Alitoa kofia ya kijani iliyofubaa. Akatoa kijiko, cha chuma. Halafu akatoa viatu vya ngozi nyeusi, kimoja baada ya kingine, ncha zimepinda juu kwa uzee, akavigeuza na kuvipitishia kipimo chini ya soli. Hapo ndipo kikalia kwa nguvu.

Alisema neno la kwao. Kisha akageuka kwangu.

"Vumbi," alisema. "Vumbi la kiwandani, limeingia kwenye nyufa za soli. Ni kidogo sana, halitoshi hata kujaza ncha ya kijiko hiki. Lakini mtu huyu alivaa viatu hivi wapi?"

"Kila mahali," nilisema. "Kazini na nyumbani."

"Basi alikuwa anabeba vumbi hili hadi chumbani kwake, analivuta usiku na mchana. Miaka miwili mitatu zaidi, mapafu yasingevumilia. Aliyemvua alijua anachofanya. Na aliyeviweka katika sanduku hili alijua zaidi."

Nikaelewa. Walimsihi avitupe, akakataa, kwa kuwa ni vya marehemu baba yake. Mkurugenzi humwamrishi. Ila mtani akidai msibani, utakataaje?

Bi. Amaral aliandika kwenye karatasi yake, akagonga mhuri, akamkabidhi Rweyongeza. Lilikuwa neno moja tu: *Walisahau.* Mheshimiwa katibu wa Ofisi ya Rais alikaa chini kwenye udongo na suti yake, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakawa yanatikisika. Nilimwacha. Mimi mwenyewe nilikwenda nyuma ya gari nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na sijui yapi yalikuwa ya kicheko.

*

Mzee Kondo aliniona nikishuka garini na mzigo unapiga kelele chini ya kwapa.

"Nilijua tu," alisema. "Mnyamwezi na mzigo."

"Huyu ni wa Mihayo Lugendo. Nimekuja kumkombolea viatu vyake, kwa niaba ya ukoo."

Alimpokea jogoo, akampima kwa mikono miwili, akampuliza manyoya ya kifua kama mtu anayenunua sokoni. "Mwembamba. Lakini nimechoka kungoja, nitampokea." Kisha akanitazama. "Kwa hiyo hunifungui?"

"Sikufungui."

"Mwantumu ninabaki naye?"

"Unabaki naye."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akimpapasa jogoo mgongoni. Nilikaa kando yake kwenye mkeka. Nilitaka sana kumwambia. Nilitaka ajue kwamba kicheko chake cha siku ile ya matanga kilikuwa dawa, na kwamba yeye alijua hivyo wakati ule. Lakini vumbi ni kazi, soli ni kazi, sanduku ni kazi. Ningeanza tu, taa ingegeuka njano na furaha yake yote ingekunjamana usoni.

"Mihayo aliishia wapi?" aliuliza. "Walitutenganisha, sikumsikia tena."

"Alirudi Urambo, akafuga nyuki. Aliishi miaka ishirini na sita mingine. Alikufa usingizini, mzee kabisa, kifua chake kizima."

"Miaka ishirini na sita!" Mzee Kondo aliachia kicheko kile kile cha siku iliyopita. "Anishukuru mimi. Viatu vile vingemuua, vilikuwa vibaya mno."

Niliitazama bangili. Ilikuwa ya kijani, ametania tu.

"Vingemuua, mzee wangu," nilisema, nikainama kumfungua jogoo kamba ya miguu.